Mnazi Kabla ya Kuwa Mnazi



Lugha yetu imeufuata mnazi hatua kwa hatua. Tangu karara inapopasuka na panda kuchanua, mpaka tunda linapoanguka chini, kila umri una jina lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Mtoto wa miaka 7 hapa pwani hashindwi kutofautisha dafu na koroma. Lakini nazi ikisha kukomaa, majina yetu hukatika. Baada ya hapo twalijua neno moja tu, nalo ni joya, na hilo twalijua kwa kuwa twalila. Yapitayo ndani ya nazi tangu siku inapolazwa ardhini mpaka mche uwe na kuti lililochanika, muda wa mwaka mzima hivi, ni watu wachache waliopata kuyatazama. Na huo ndio muda unaoamua mnazi utakuwa mnazi gani.

Kwa hiyo tumeona darasa letu la mara hii liwe juu ya mnazi kabla haujawa mnazi. Hatukulichagua kwa ajili ya kupendeza. Minazi mingi ya Kwale na Kilifi ni mizee. Ilipandwa na babu zetu, na mingine na babu za babu zetu. Mwenye shamba akifikwa na haja ya ada ya shule au ya matibabu humwita mpasua mbao, na mnazi uliozaa miaka 60 hulala chini kwa asubuhi moja. Pahala pa mnazi uliokatwa sharti pasimamishwe mwingine, la sivyo warithi watarithi kiwanja.

Na mwenye kupanda mnazi hapandi mchicha. Mnazi mrefu wa asili yetu hukaa kiasi cha miaka 6 mpaka 8, na penye ukavu hupita hapo, kabla haujamwonyesha mwenyewe nazi ya kwanza. Aliyepanda mche mbaya hatajua kuwa ameula wa chuya mpaka miaka hiyo ipite, na akisha kujua hana la kufanya. Mwembe mbaya hukatwa ukaungwa tawi la mwembe mwema. Mhogo hupandwa kwa kijiti, na mgomba hutoa watoto ubavuni. Mnazi hauna tawi wala mtoto wa ubavuni. Una kilele kimoja juu, na kikifa hicho umekufa wote. Kila mnazi duniani hutoka katika nazi yake. Ni kweli kwamba mwaka 2021 wataalamu wa Ubelgiji walitangaza njia ya kuzalisha miche mingi kutokana na kilele cha mche mmoja, lakini hiyo ni kazi ya chupa na maabara. Mkulima wa Msambweni angali na nazi yake mkononi. Khiari yake yote ya kupata mnazi mwema imo katika kuchagua nazi na kuchagua mche. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Tuanze na mbegu yenyewe. Nazi yote pamoja na kumbi lake ni tunda; mbegu ni ile iliyomo ndani ya kifuu. Kumbi ni chombo cha safari. Limejaa usumba na hewa katikati yake, na nje limevikwa ngozi laini isiyopitisha maji upesi, kwa hiyo nazi ikianguka baharini huelea. Imejaribiwa, na nazi zilizoelea zaidi ya miezi 3 katika maji ya chumvi zimeonekana kuota. Basi mti ambao watoto wake husafirishwa na bahari na kutupwa juu ya mchanga usio na kitu, hauna budi kuwafungia masurufu. Masurufu hayo ni maji yaliyomo ndani, na ile nyama nyeupe ambayo karibu thuluthi yake ikiwa mbichi ni mafuta. Tui letu la wali ni chakula cha safari cha mtoto wa mnazi, tumemtangulia kukila.

Ukiifua nazi, upande wa kikonyo utaona juu ya kifuu alama tatu za mviringo, mfano wa macho mawili na mdomo. Alama hizo ni athari ya vyumba vitatu vilivyokuwamo ndani ya ua. Kwa desturi viwili hufa na kimoja hutoa mbegu. Macho mawili yamezibwa kwa mfupa wa kifuu, na moja ni laini hata ncha ya kisu hulitoboa. Nyuma ya hilo laini, kimechomekwa ndani ya nyama, kimo kiini cha mche: kitu kidogo cheupe, urefu wake hauzidi milimita 10 hivi, kama punje ya mchele iliyonenepa. Atazamaye mnazi wa mita 20 na akatazama na kile kiini, hana haja ya kuambiwa maneno mengi. Mara chache zaidi ya chumba kimoja huishi, na nazi moja ikatoa miche miwili. Watu hustaajabu, lakini khabari yake ndiyo hiyo.

Sasa fahamu jambo ambalo wapandaji wengi hulikosea. Mbegu za mahindi na kunde hukaushwa juani, zikalala ghalani hata msimu mwingine, na zikipata maji huamka. Nazi hailali. Tangu inapokomaa mtini, kama miezi 12 baada ya ua kushika, kiini chake ki hai na ki tayari, na linalokizuia ni ukavu na uzito wa kumbi tu. Nazi haina subira ya mahindi: ikikaushwa mpaka maji ya ndani yakaisha, haikulala, imekufa. Ndiyo maana nazi ya mbegu hutikiswa karibu na sikio. Ikilia maji, yafaa. Iliyo kimya ipelekwe ikafanywe mbata. Na nazi ya mbegu haianikwi. Huwekwa kivulini, penye hewa, mpaka kumbi likauke rangi, na haikawizwi huko zaidi ya mwezi mmoja au miwili.

Kiini kikisha kupata unyevu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, moja nje na moja ndani. Ncha yake moja hutoka kupitia lile jicho laini na kuvimba baina ya kifuu na kumbi. Hapo hutoa chipukizi lielekealo juu na mizizi iendayo chini. Lakini juu na chini hizo zote zingali ndani ya kumbi. Chipukizi lina safari ya kupenya usumba mpaka litokeze, na mizizi nayo hutambaa humo humo ikinywa maji yaliyonyonywa na usumba. Mtu apitaye kitaluni akaona nazi zimelala kama mawe husema hazijaota, ilhali zimeota wiki kadha zilizopita. Mnazi hauna mzizi mmoja mkuu uendao chini kama wa mwembe. Ule mzizi wa kwanza haudumu. Mahali pake hushikwa na mizizi mingi yenye unene mmoja itokayo kitakoni mwa mche, na ndiyo itakayoushika mti dhidi ya kaskazi na kusi umri wake wote.

Ncha ya pili ya kiini haitoki kamwe. Hiyo huingia katika uwazi wa nazi, penye maji, na huanza kuvimba: kwanza kama kijipu cha manjano, kisha kama yai, kisha kama ngumi. Hilo ndilo joya. Tumelila tangu utotoni tukidhani ni uyoga wa nazi, au ni maji yaliyoganda. Ukweli ni kwamba joya ni jani. Ni jani la kwanza kabisa la mnazi, ambalo halitaliona jua maisha yake yote, na kazi yake ni kunyonya. Litazame vizuri siku utakapolipasua: ngozi yake ya nje ina mikunjo na mifereji, na inalala juu ya nyama ya nazi kama mdomo juu ya ziwa. Pale zinapogusana, nyama hulainika na kuyeyuka. Mafuta yake hubomolewa na kugeuzwa sukari, na sukari hupelekwa nje kupitia lile jicho hata kwenye chipukizi na mizizi. Hii ndiyo sababu joya ni tamu ilhali nazi yenyewe si tamu. Na hii ndiyo sababu mpishi huinung'unikia nazi yenye joya. Mafuta yamekwisha kuanza safari kabla ya mbuzi haujawekwa chini. Kwa muda wa miezi 5 hivi joya huujaza uwazi wote, maji yakawa yameisha, na nyama huendelea kupungua pole pole kuanzia upande wa jicho.

Huko juu chipukizi likisha kutokeza hutoa kwanza magamba yasiyo na ujani, kisha majani yaliyo mazima, yamekunjwa kama kipepeo kilichofungwa, hayajachanika. Makuti ya kuchana, yenye njiti zake mbali mbali, huja baadaye sana, kiasi cha mwaka mmoja. Majani hayo ya mwanzo yakigeuka kijani huanza kutengeneza chakula kwa nuru ya jua, kidogo kidogo. Bwana Michael Foale, mtaalamu wa Australia aliyefanya kazi katika minazi ya visiwa vya Solomon, alichapisha mwaka 1968 utafiti wake juu ya mambo haya: kiasi gani mche huchukua kwa nazi, na kiasi gani hujipatia wenyewe. Lililobainika ni kwamba masurufu ya nazi hayakatiki ghafula. Mche huwa na mikono miwili ya kulia kwa muda mrefu, mmoja katika nazi na mmoja katika jua, na ule wa nazi hauachi kazi mpaka mwaka upite na zaidi.

Kwa hiyo kuibandua nazi katika mche wa miezi 4 au 5 ili watoto wale joya, kisha mche ukapandwa mtupu, ni kuuvunjia chungu chake ungali unakula. Huenda usife. Lakini utadumaa, na kudumaa kwa mnazi si kama kwa miti mingine. Mwembe kila mwaka huongeza tabaka chini ya ganda lake ukanenepa. Ukikosa mwaka huu hupata mwaka ujao. Mnazi hauna tabaka hiyo. Miaka 3 mpaka 5 ya kwanza shina halionekani, kwa sababu mti unakijenga kitako chake ardhini, ukikipanua mpaka kifikie upana wake, ndipo uanze kupanda juu. Shina likisha kupanda halirudi kunenepa. Ukiona shambani mnazi ulio mwembamba kuanzia chini hata juu, mara nyingi unaitazama njaa ya miaka ya mwanzo iliyoandikwa katika mti.

Mara moja moja kitaluni huota mche mweupe pepe, hauna ujani hata chembe. Tumesikia watu wakiufanyia maneno: wengine husema ni kheri, wengine husema ni kijicho cha jirani. Mche huo umezaliwa bila ya uwezo wa kutengeneza ujani, basi. Utaishi miezi kwa masurufu ya nazi, utatoa majani mawili matatu ya kupendeza, kisha utakufa chakula kikiisha. Hauhitaji azima wala kafara. Unatufaa kwa jambo moja tu: unatuonyesha wazi mche waweza kufika wapi kwa nazi peke yake. Na hapo yatupasa tujiulize ni miche mingapi ya kijani tunayoisifu kitaluni ambayo kwa hakika twasifu nazi iliyo chini yake. Nazi kubwa hutoa mche mnene. Lakini unene huo ni mkopo.

Mtu aweza kuuliza: Kuna haja gani ya kitalu? Nyuma ya jiko langu daima zipo nazi zilizoota zenyewe. Je, nikichukua mojawapo nikapanda, si mnazi?

Jawabu: Ni mnazi, na Mungu akipenda utazaa. Lakini hujui mambo mawili. La kwanza, hujui mama yake. La pili, hujui imechukua muda gani kuota kuliko wenzake. Na hayo mawili ndiyo yote ambayo mpanda minazi aweza kuyajua mapema.

Tuseme kwanza juu ya mama. Katika mnazi mrefu, maua ya kiume ya panda hutangulia kupukutika kabla ya maua ya kike ya panda ile ile kuwa tayari. Kwa hiyo nazi nyingi hupata baba kutoka mnazi mwingine, kwa upepo na nyuki. Nazi mbili za kole moja si pacha. Ni ndugu wa mama mmoja na pengine baba mbali mbali. Kitamli ni kinyume chake: maua yake hukutana wakati mmoja, hujioa wenyewe, na watoto hufanana na mama. Ndiyo maana mwenye kupanda kitamli kwa ajili ya dafu hakosei sana, na mwenye kupanda mnazi mrefu kwa ajili ya nazi hukosea upesi. Baba hatumjui, basi na tumchague mama kwa ukali.

Mama mwema ni mti ulio katikati ya umri wake, wenye kilele cha mviringo kilichojaa makuti mafupi yenye nguvu, na makole ya umri mbali mbali yaliyokaa vizuri juu ya vikuti vyake bila ya kuning'inia. Mti mwema hutoa kole karibu kila mwezi. Mwenye shamba na autazame miaka kadha, si msimu mmoja, na mkwezi aulizwe, kwani mkwezi huijua minazi kuliko mwenyewe. Lakini jihadhari na mnazi ulio karibu na zizi, au kisima, au shimo la maji ya kuogea. Huo huzaa sana kwa sababu ya pahala pake, na pahala hapaingii katika nazi. Chagua ule unaozaa vizuri pamoja na wenzake wenye shida ile ile ya mchanga na jua. Hapo ndipo uzazi utakuwa umo katika damu. Ama mnazi unaogemwa, hapana la kusema. Panda iliyogemwa tembo haitoi nazi, na mengine juu ya tembo yana mahali pake si hapa.

Nazi za mbegu zitunduliwe zikiwa zimekomaa kabisa, zote za umri mmoja, na zishushwe kwa kamba ikiwa mti ni mrefu na chini ni pagumu. Nazi iliyopasuka ndani haionekani kwa nje, lakini maji yake yatakwisha. Zisichaguliwe zile kubwa kupita kiasi zenye kumbi nene. Ya wastani iliyo mviringo yatosha.

Tuje kwenye muda wa kuota, ambao kwetu ndio moyo wa darasa hili. Wataalamu wa minazi katika nchi nyingi wameona kwamba miche inayotangulia kuota, katika nazi za aina moja zilizolazwa siku moja, ndiyo kwa kawaida yenye nguvu zaidi, hutangulia kutoa majani, hutangulia kuchana makuti, na hutangulia kuzaa. Zile zinazojikokota mwishoni hubaki nyuma. Kitamli chaweza kutokeza baada ya mwezi mmoja au miwili. Mnazi mrefu huhitaji miezi miwili mpaka minne, na kumbi nene huzidi kukawiza. Kwa hiyo hapana maana kushindanisha kitamli na mrefu. Shindanisha ndugu kwa ndugu. Na ushindani hauwezekani bila ya tarehe. Chukua kibao, uandike siku uliyolaza nazi na idadi yake, ukichomeke kitaluni. Nazi ya nyuma ya jiko haina kibao.

Kitalu chenyewe si kazi kubwa. Chagua udongo mwepesi wenye mchanga, usiotuama maji, penye kivuli chepesi. Nazi hulazwa ubavu, upande wenye jicho laini ukiwa juu kidogo, nafasi ya sentimita 30 baina ya moja na nyingine, zikafukiwa thuluthi mbili, na thuluthi moja ikaachwa nje. Baadhi ya watu hukata kipande cha kumbi karibu na kikonyo ili maji yaingie na chipukizi lipate njia. Ni jambo jema, mradi panga lisifike kifuu. Kisha ni maji, kila siku mbili kwa uchache wakati wa kiangazi, na kungoa magugu. Mchwa ndio adui wa kwanza; hupenda usumba, na wakiingia ndani ya kumbi hula mizizi kabla haijagusa ardhi. Mwenye kukichungulia kitalu chake kila asubuhi atawaona. Mwenye kungoja wiki ataona miche imelala.

Miezi 5 ikipita, nazi ambazo hazijatokeza ziondolewe. Hapa ndipo mkono wa mtu huwa mzito. Husema: Hii nayo iko hai, nimeinunua, nimeimwagilia, niiache kidogo. Aiache, itaota, naye ataipanda, na atakuwa ameuweka shambani kwa miaka 60 mche ambao umekwisha kumwambia kwa ulimi wake kwamba ni mvivu.

Kisha miche iliyoota ichaguliwe mara ya pili ikiwa na miezi 6 mpaka 9. Tazama mambo haya: shingo, yaani pale mche unapotokea katika kumbi, iwe nene, majani yawe mapana na ya kijani kibichi, yenye vikonyo vifupi, idadi yake iwe kubwa kuliko ya wenzake wa siku moja. Katika miche ya karibu mwaka, ule uliotangulia kuchana makuti ndio mbele. Mche mrefu mwembamba kama fito hutamanisha macho, kwani waonekana umekua. Usiudanganyikie, huo umekimbilia juu bila ya kitako. Tupa mche uliopinda, wenye majani membamba yaliyosimama kama mapanga, na wenye madoa ya ugonjwa. Ukali unaotakiwa si mdogo: katika nazi 100 zilizolazwa, wataalamu wa Kerala, Bara Hindi, ambako mnazi hutunzwa kama mtoto, huridhika kupata miche 60 mpaka 65 ya kupanda. Zaidi ya thuluthi hutupwa.

Na hapa twapenda kusema neno kwa wanunuzi. Mwenye kuuza miche hana faida katika kutupa. Mche aliokataa kuupanda shambani kwake aweza kuutia katika mfuko mpya na kuuleta barabarani, nao ni wa kijani kama wenzake. Anayenunua na aulize maswali matatu: nazi zilitoka mti upi, zililazwa lini, na ni ngapi zilizotupwa. Muuzaji mwema atajibu bila ya kukasirika. Asiyeweza kujibu hata moja, bei yake ikiwa rahisi vipi, si rahisi.

Wakati wa kupanda ni mvua kubwa za mwaka, zinapoanza mwezi wa Aprili na ardhi ikawa imelowa chini. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma. Mche wa kupanda uwe na miezi 6 au zaidi tangu kutokeza. Kutokeza huchukua karibu miezi 3. Kwa hiyo nazi zilazwe mwezi wa Juni au Julai wa mwaka uliotangulia. Wengi hukumbuka minazi mvua zinaponyesha, na wakati huo hawana budi kuchukua chochote kinachopatikana barabarani. Shimo liwe sentimita 60 mpaka 90 kila upande, litiwe samadi iliyooza na udongo wa juu, na makumbi yaliyopangwa chini yashike unyevu. Mche utiwe pamoja na nazi yake, nazi ifukiwe, lakini shingo isizikwe. Baina ya mnazi na mnazi mita 9, yaani kiasi cha miti 50 kwa ekari. Wapandao karibu karibu kwa tamaa watapata fito.

Limebaki jambo moja ambalo halingojei. Tumetaja mwanzo kwamba minazi mizee inakatwa. Magogo na visiki vinavyobaki baada ya mbao kupasuliwa huachwa pale pale, na kandoni mwake ndipo mche mpya unapopandwa. Chonga hutaga mayai katika magogo yaliyooza na katika lundo la samadi. Funza wake wanene hula humo miezi, kisha hutoka madudu meusi yenye pembe, yakaruka usiku kutafuta kilele kibichi. Mnazi mkubwa huvumilia. Kuti hufunguka likiwa limekatwa pembe tatu kama kwa mkasi, na mti ukaendelea. Mche wa mwaka mmoja hauna nafasi hiyo, kwani kilele chake kiko karibu na ardhi na ni kimoja. Basi magogo yapasuliwe, yachomwe au yaondolewe shambani kabla ya miche kufika, wala si baadaye. Na miche ikaguliwe kila wiki katikati ya makuti yake machanga. Ukiona tundu lenye unga wa nyuzi zilizotafunwa mlangoni, chonga yumo ndani. Ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoana, umvute nje umwue, kisha ujaze mchanga katika mapengo ya makuti. Mche mmoja hauchukui zaidi ya dakika 2.